Mambo ya kuweka sawa kabla matokeo ya kijiji, mtaa na kata hayajaanza kumwagika

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, matokeo ya uchaguzi wa huku chini yanatuchanganya wengi na wala simlaumu mtu, maana yanakuja usiku, yanakuja kwa skrinshoti za watsapu, kila grupu lina namba zake, mara chama fulani kimezoa mkoa mzima, mara kata fulani imepinduka, afu asubuhi ukiuliza kijiweni hao walioshinda wameshinda nafasi gani hasa, watu wanaanza kutazamana. Mimi naamini kabisa matokeo yanaeleweka kwa maandalizi ya kabla, ukisubiri hadi namba zianze kutoka unakuwa unameza tu kila unacholetewa. Kwa hiyo haya naandika kwa mpiga kura wa kawaida, sio kada wala wakala, mtu mwenye daftari dogo na peni na nia ya kujua kijiji chake au kata yake imeangukia wapi.

Anza na kujua ni uchaguzi upi, maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji wanachaguliwa mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, ilikuwa Desemba 2014, ikaja Novemba 2019, ikaja Novemba 27, 2024, na msimamizi wake ni TAMISEMI. Diwani hayumo humo. Diwani tunampigia siku moja na mbunge na rais, kama ilivyokuwa Oktoba 29, 2025, na hiyo iko chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Sasa ukitumiwa kitu kimeandikwa matokeo ya serikali za mitaa 2024 halafu ndani kuna majina ya madiwani, jua aliyekitengeneza kachanganya mambo, usikisambaze. Na kuna uchaguzi mdogo, huo unakuja muda wowote diwani akifariki au akijiuzulu, na unahusu kata hiyo moja tu hata kama mjini wanaupigia kelele kama wa nchi nzima.

Daftari nazo ni mbili. Kadi ya mpiga kura ni ya daftari la kudumu la Tume, lakini uchaguzi wa kijiji na mtaa una orodha yake, unaandikishwa upya pale unapoishi, na mwaka 2024 zoezi lilikuwa Oktoba 11 hadi 20, yani huku kwetu ndo msimu wa korosho umeshika kasi, watu wako mashambani wanaokota au wako ghalani wanasubiri mnada, ni rahisi sana mtu kusema mimi kadi ninayo nimemaliza kumbe kwenye orodha ya kitongoji hayumo. Hili lina maana hata kwenye kusoma matokeo: idadi ya walioandikishwa kijijini kwako 2024 na idadi ya walioandikishwa kituoni 2025 ni vitu viwili tofauti, usizipunguze moja kwenye nyingine ukasema watu wamehama.

Baada ya hapo andika nafasi zote utakazopigia. Kijijini unapiga ya mwenyekiti wa kijiji, ya mwenyekiti wa kitongoji, na ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji ambao kuna kundi mchanganyiko na kuna kundi la wanawake. Mjini, tuseme uko Shangani au Chikongola, ni mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa. Ukiwa kwenye mamlaka ya mji mdogo kama Kilwa Masoko unampigia mwenyekiti wa kitongoji.

Hao wajumbe ndo watu hawawafuatilii kabisa na inaniuma, kwa sababu halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25 na ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, yani mtu akija anataka heka kadhaa za mikorosho au anataka eneo la kuchimba, maombi yanapita kwao kabla ya kufika mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti anaweza kutoka chama hiki na wajumbe wengi wakatoka chama kile, na kelele zote za usiku ule zikawa za mwenyekiti tu. Weka ukurasa wa wajumbe, majina yote, na siku ya matokeo uulize nani kaingia.

Kuhusu mkoa, hapa niseme wazi: huku bara hakuna baraza la mkoa la kuchaguliwa. Mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais, mkuu wa wilaya anateuliwa, mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa, mtendaji wa kijiji na wa kata ni waajiriwa. Kwa hiyo ukisikia chama kimeshinda mkoa wa Lindi, ni mtu kajumlisha tu viti vya halmashauri mbalimbali, hakuna ofisi yoyote iliyoshindwa wala kushindaniwa ngazi hiyo. Kinachoshindaniwa ni baraza la madiwani, na hilo ni la halmashauri. Mtwara tunazo halmashauri tisa, Manispaa ya Mtwara Mikindani, Mtwara, Nanyamba, Newala mji na Newala wilaya, Masasi mji na Masasi wilaya, Nanyumbu na Tandahimba. Lindi kuna Manispaa ya Lindi, Mtama, Kilwa, Liwale, Nachingwea na Ruangwa. Chagua ya kwako moja, tafuta ina kata ngapi, andika zote. Kazi ya nusu saa.

Usichanganye jimbo na halmashauri. Halmashauri ya wilaya ya Masasi ina majimbo mawili, Ndanda na Lulindi. Kilwa nayo ni halmashauri moja lakini ina Kilwa Kaskazini na Kilwa Kusini. Chama kinaweza kuchukua mbunge wa jimbo moja wapo na bado kikawa na madiwani wachache barazani, na barazani ndo bajeti inapitishwa, ndo inapojadiliwa ile ushuru wa asilimia 3 ya korosho inayouzwa inaenda kwenye nini, ndo panapoulizwa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, imefika kwa nani. Juu ya madiwani wa kata wanaongezwa madiwani wa viti maalum wanawake, ambao vyama vinagawiwa kutokana na matokeo, na wabunge wa eneo hilo nao wanaingia. Halafu hao wote ndo wanamchagua mwenyekiti wa halmashauri, au meya kama ni manispaa. Usiku wa matokeo huyo mwenyekiti bado hajapatikana, kwa hiyo anayekutumia jina lake muda huo anabashiri.

Kitu kingine ni kuwa na picha ya nyuma, maana namba ya leo bila ya jana haikuambii kitu. Chukua kumbukumbu ya kanda yetu. 2015 CUF ilichukua ubunge Mtwara Mjini na Tandahimba, CHADEMA ikachukua Ndanda, na upande wa Lindi CUF ikawa na Mchinga, Liwale, Kilwa Kaskazini na Kilwa Kusini. 2020 hali ikageuka, bara nzima upinzani ukabaki na majimbo mawili tu ya kuchaguliwa, moja Nkasi Kaskazini kule Rukwa na lingine hapa hapa kwetu, Mtwara Vijijini, CUF. Ukiwa na mstari huo kwenye daftari, mtu akisema kusini siku zote ni ya chama fulani unajua hajaangalia. Na uandike pia kiti kilibadilikaje. Liwale kwa mfano, mbunge alihama CUF akaenda CCM, ukafanyika uchaguzi mdogo 2018 akarudi kwa chama kipya, sasa hiyo ni tofauti kabisa na kiti kilichopotea kwenye uchaguzi wa kawaida, ijapo kwenye jedwali vyote vinaonekana kama rangi imebadilika.

Kabla ya siku ya kura ulizia jambo hili ambalo kwangu mimi ndo zito kuliko yote: wangapi wamepitishwa kugombea? Nenda kaangalie majina yakibandikwa, andika nani aliteuliwa, nani alienguliwa, nani kakata rufaa. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama kadhaa vikatangaza kujitoa, na sehemu nyingi watu wakapita bila kupingwa, ndo ikaja ile namba ya CCM asilimia 99. Mwaka 2024 CCM ilitangazwa na zaidi ya asilimia 98 ya vijiji, mitaa na vitongoji, vyama vya upinzani vililalamikia tena kuenguliwa wagombea wao, na pale alipobaki mgombea mmoja alipigiwa kura ya ndiyo au hapana. Sasa mtu ambaye hakuandika idadi ya wagombea mapema atasoma asilimia 98 kama vile kila mahali kulikuwa na mashindano, na hawezi kutenganisha kijiji kilichoshindaniwa na kile kilichokuwa na jina moja. Ukishaandika, unaweza.

Na hiyo asilimia yenyewe ni ya viti. Chukulia wilaya ina vitongoji 100, kila kimoja chama A kimepata kura 51 na chama B 49, basi A ana viti vyote 100 na B hana kitu, wakati watu wamegawanyika karibu nusu kwa nusu. Ndo mfumo wetu ulivyo, anayeongoza anachukua, hata kama hajafika nusu ya kura. Kwa hiyo ukiona asilimia yoyote uliza kwanza, ya viti au ya kura?

Kwa kituo chako andaa nafasi ya namba nne tu: waliojiandikisha, waliopiga, kura zilizoharibika, na kura za kila mgombea. Nakupa mfano wa kubuni. Kituo kina watu 900 kwenye orodha, wamepiga 520, zimeharibika 12, zikabaki halali 508. Mgombea wa kwanza 210, wa pili 190, wa tatu 108. Jumlisha, 210 na 190 na 108 inakuja 508, ongeza zile 12 unapata 520, hesabu imekaa. Aliyeshinda ana asilimia 41 hivi ya kura halali, lakini ukimpima kwa watu wote 900 ni asilimia 23 tu, na waliobaki nyumbani ni 380, wengi kuliko waliompa kura yeye. Hesabu kama hii inakuonyesha kwamba kupinduka kwa kata wakati mwingine ni watu kutotokea, wala hakuna aliyebadili msimamo. Na namba zikigoma kujumlishika kwenye picha uliyotumiwa, iweke pembeni hadi uone karatasi yenyewe.

Karatasi yenyewe inapatikana. Kura zinahesabiwa pale pale kituoni, mawakala wanasaini fomu, na matokeo yanabandikwa. Nenda na daftari, nakili kwa mkono, andika jina la kituo na saa. Nasisitiza mkono kwa sababu Oktoba 29, 2025 intaneti ilikatika nchi nzima na ikakaa hivyo siku kadhaa, aliyetegemea simu hakuwa na kitu. Jua pia nani ana mamlaka ya kutangaza, ni msimamizi wa uchaguzi au msaidizi wake, wakala akikupa namba ni taarifa tu ya kituo kimoja, wala usijitangazie mshindi mtandaoni, sheria ipo na itakukuta wewe.

Usiku ukiingia usikimbilie kusema nani anaongoza. Vituo vya karibu na ofisi ya kata vinawahi, vya mbali vinachelewa, na barabara zetu zinajulikana, kuna vijiji vya Liwale ni safari ndefu, kuna Songosongo huko ni kisiwa, boti ndo usafiri. Kama mgombea anatoka upande wa mbali, kura za kwao zitaingia mwisho na picha itabadilika bila mtu yeyote kuiba wala kuchezea. Andika mapema kituo gani ni cha upande gani, utakuwa na subira.

Matokeo yakitangazwa na kuna watu hawajaridhika, njia ya mahakama ipo ila muda wake ni mfupi, kwa hiyo kama kijijini kwenu kuna kesi iandike kwenye ukurasa ule ule, kiti hicho hakijatulia. Halafu weka tarehe mbili. Moja ni kikao cha kwanza cha baraza la madiwani, pale mwenyekiti wa halmashauri anapochaguliwa, na kinaruhusu wananchi kukaa kusikiliza. Nyingine ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe, ukifika miezi mitatu haujaitishwa nenda kwa mtendaji ukaulize tarehe.