Meiflai wa mtoni (mdudu arukaye ambaye utotoni huishi majini), unamjuaje ni wa familia gani?
Beba chujio la chai na sahani nyeupe, nenda kijitoni, tuseme kule Uluguru, geuza jiwe kwenye maji ya kasi halafu lisuuze juu ya sahani. Kwanza hakikisha ni tunutu (mdudu mchanga) wa meiflai kweli, ana matamvua ya kupumulia pembeni mwa tumbo na ukucha mmoja tu kila mguu, ukiona kucha mbili huyo siye, achana naye. Wengi wana mikia mitatu ila wapo wa miwili, kwa hiyo mkia usiutegemee sana.

Sasa yule bapa kama kakanyagwa, macho yapo juu ya kichwa, kang'ang'ania jiwe hatoki, ni Heptageniidae. Mwembamba anayechomoka kama kidagaa, Baetidae, hao utachoka kuwaona. Kwenye tope na maji yaliyotulia cheki Caenidae, kadogo, mgongoni kana vifuniko viwili vya mraba vinavyokinga matamvua yasizibwe na tope, mi mwanzo nilidhani ni uchafu tu.

Ziwa Victoria pasua gogo lililozama, mwenye meno marefu yametokeza mbele ni Polymitarcyidae, hutoboa mbao hadi za mitumbwi.