Jinsi ya Kusoma Historia ya Injini ya Mvuke ya Daraja la 59

Ukifika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, anza na namba kabla ya kibao cha maelezo. Katika injini ya mvuke 5918, iitwayo Mount Gelai, tarakimu 59 ni daraja lake, yaani aina yake, na 18 ni nafasi yake kati ya injini 34 ambazo kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, iliiundia reli ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1955, kila moja ikipewa jina la mlima.

Kisha tembea polepole ubavuni mwake ukihesabu magurudumu ya upande mmoja: mawili madogo, manne makubwa, moja dogo, ukishapita tumbo la boila, pipa la kuchemshia maji yawe mvuke, hesabu hiyohiyo inarudi kinyumenyume. Hapo usiwe na haraka, kwa maana ndipo ufundi wote ulipo. Boila haina magurudumu chini yake. Imebebwa kati ya sehemu mbili zenye magurudumu, kila moja kama injini ndogo, zinazojipinda kila moja kivyake kwenye kona, ndiyo maana tanuri liliweza kuwa pana, na uzito wa takribani tani 250 ukagawanyika juu ya reli yenye upana wa mita moja.

Malizia kwa matangi: la mbele lilibeba maji, la nyuma mafuta mazito yaliyochomwa badala ya makaa.