Kuoanisha amplifaya na spika kubwa kwenye maonyesho

Wati usianze nazo. Nilipokuwa nafunga mitambo kwenye maonyesho ya vyombo vya sauti ya HIGH END kule Munich, katika kumbi za MOC yalikokaa kuanzia 2004 mpaka 2025, nimeona watu wakihangaika na amplifaya ya kilo 70 kwa ajili ya namba moja tu ya kwenye karatasi. Kesho yake saa nne asubuhi wageni wanaingia, besi imelegea kama ngoma ambayo haijaota moto.

Anza na spika. Tafuta unyeti wake, yaani desibeli inazotoa kwa umbali wa mita 1 ikipewa volti 2.83, kisha ukinzani wake wa chini kabisa, yaani inavyouzuia umeme, kwa omu. Hizi mbili zisome pamoja. Volti 2.83 kwenye spika ya omu 8 ni wati 1, lakini kwenye ya omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo spika ya omu 4 inayojisifia desibeli 90 kwa volti 2.83, ikipewa wati moja inatoa 87 tu. Tena hiyo "omu 8" iliyoandikwa nyuma ya kabati ni makadirio: spika hiyohiyo inaweza kushuka hadi omu 3 kwenye besi, na hapo ndipo muziki unapodai mkondo mwingi. Mwombe mtengenezaji mchoro wa ukinzani. Asipokuwa nao, pima mwenyewe.

Sasa geukia amplifaya. Soma wati zake kwenye omu 8, 4 na 2. Ikitoa 100, halafu karibu 200, halafu ikaendelea kupanda, ina umeme wa kutosha ndani. Ikitoa 100 kisha 120, si mbovu, ila itafutie spika isiyodai mkondo mwingi.

Amplifaya za valvu, yale mabomba ya kioo yanayokuza sauti, zina hesabu yake, na mimi nazipenda mno. Valvu moja ya 300B inatoa kama wati 8. Ukiipa spika za honi zenye desibeli 98, ni sawa na kuzipa spika za desibeli 86 wati 127 hivi. Lakini amplifaya ya namna hiyo hufuata milima na mabonde ya ukinzani wa spika, na sauti ya mwimbaji hubadilika. Jaribu tundu la omu 4 na la omu 8, usifuate maandishi peke yake. Zima kabla ya kuhamisha waya, na kamwe usipige muziki bila spika kuunganishwa, utaunguza transfoma.

Mwaka mmoja nilitaka nguvu zaidi, nikaziunga amplifaya mbili za stereo kwa mtindo wa daraja, yaani chaneli mbili za amplifaya moja zisukume spika moja; moja kwa kila spika ya omu 4. Sikukumbuka kwamba kila chaneli sasa inabeba nusu, yaani omu 2. Kabla ya adhuhuri zilijizima zote, chumba kimejaa wageni. Tangu siku hiyo nikiona daraja, nagawa ukinzani kwa mbili kabla sijagusa waya.

Jioni ya kufunga mitambo, iache iwake kwa muda wa saa moja, kaa kiti cha nyuma kabisa, kisha ongeza sauti kupita utakayotumia kesho, maana miili ya watu hunyonya sauti na minong'ono yao huufunika muziki. Mimi hupiga taarabu ya Zanzibar ya okestra nzima. Sikiliza nyuzi za kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, pale fidla zote zinapoingia kwa pamoja: zikichanganyika kuwa kelele, amplifaya imeishiwa, punguza sauti au ibadilishe usiku huohuo. Zikibaki kila moja mahali pake, na besi ikanyamaza pale mpigaji anapoizuia kwa kiganja, kaza waya ukalale.