Soma mkondo kwanza, ndipo uinue jiwe

Vijito vinavyoshuka kutoka Amani, Usambara Mashariki, kuelekea Mto Zigi vinafaa sana kwa kazi ya kutafuta wadudu wa majini na kuona kila mmoja anaishi wapi. Ukipiga hatua chache tu unatoka kwenye maji ya povu hadi kwenye kidimbwi kilichotulia. Beba wavu wa matundu madogo, sinia jeupe, kamba ya mita 5 na chungwa. Maji yakipita magoti, ahirisha.

1. Pima kasi. Nyoosha kamba ukingoni, dondosha chungwa, hesabu sekunde. Chungwa huzama karibu lote, hivyo upepo haulisukumi. Likitumia sekunde 10, kasi ni nusu mita kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya juu ya maji. Chini, mawe huipunguza, na huko ndiko lava (wadudu wachanga ambao bado hawajaota mabawa) wanakoishi.

2. Anzia chini ya kijito ukipanda, usije ukachafua maji ya mbele yako. Penye povu, tega wavu upande maji yanakoelekea, kisha inua jiwe. Usiligeuze bado! Mgongoni mwake, panapopigwa na maji, tafuta lava wa usubi. Hutoa uzi kama hariri, akautandaza juu ya jiwe na kujishikiza kwa vikulabu vya mkiani. Kichwani ana pepeo mbili za kuchujia chakula, na mkondo ndio unaomletea. Kwenye maji yaliyosimama angekufa njaa.

Sasa geuza. Chini utaona wadudu bapa wa jamii ya Heptageniidae waliojibanza wasisombwe. Katikati ya mawe, lava wa Hydropsychidae, jamii ya wadudu wafumao nyavu, hutega nyavu zao, midomo ikielekea maji yanakotoka.

Ukikamata kaa, mkague kabla ya kumwachia. Lava wa Simulium woodi, usubi anayeeneza ugonjwa wa usubi huku Usambara, hujishikiza mwilini mwa kaa. Anayechunguza mawe tu atasema hayupo.

3. Kwenye kidimbwi, chota tope la juu. Humo mna watoto wa kereng'ende, na lava wekundu wa Chironomidae, jamii ya wadudu wadogo wanaofanana na mbu lakini hawaumi. Wekundu huo ni hemoglobini, inayowawezesha kuishi penye oksijeni kidogo.

4. Kila jiwe liandikie kasi yake na upande ulikomkuta mdudu. Mwanzoni nilikuwa namwaga wote kwenye sinia moja, nikabaki na orodha ya majina isiyosema nani aliishi wapi.

5. Rudisha jiwe palepale, mgongo juu.