Kazi zikirundikana mezani: tunavyofanya kwenye kibanda chetu cha kuchapa

Juma lililopita mdogo wangu alilia mbele ya kompyuta. Tuna kibanda cha kuchapa na fotokopi hapa Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo, na huu ni msimu wa memwari, zile tasnifu za wanafunzi wa chuo kikuu. Siku ile alikuwa nazo nne, barua mbili za kuomba kazi, na mwaliko wa harusi ambao bibi harusi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni akiungoja. Aligusa vyote, hakumaliza hata kimoja. Nilimwelekeza hivi.

(Nazungumzia mzigo wa kazi tu. Kama ni milio ya risasi inayokunyima usingizi wiki baada ya wiki, hilo halitibiwi na kaye, yaani daftari. Nenda ukaongee na mtu wa afya.)

1. Toa kila kitu kichwani. Kaye na biki. Programu za simu sizitaki: unafungua uandike kazi moja, unakutana na ujumbe wa kundi la kwaya, unajikuta unabishana kuhusu sare.

2. Chagua tatu za leo. Wenye zilizobaki waambie ukweli: "Papa, yako ni Alhamisi." Atanuna, atarudi.

3. Simu iingie kwenye droo. Kuilaza kifudifudi mezani hakutoshi.

4. Weka alama kabla hujainua macho. Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima. Nilikuwa ndani ya sura ya tatu ya memwari, mtu akaingia: "Yaya, kurasa mbili tu!" Zile mbili zikazaa tano. Niliporudi nikaendelea pale nilipodhani niliachia, kumbe nimeruka kisehemu kizima. Mwanafunzi aligundua nakala zote sita zimeshafungwa, na kesho yake anatetea. Nilirekebisha namba za kurasa na yaliyomo hadi alfajiri, karatasi kwa gharama yangu.

Mtafiti Sophie Leroy alilieleza jambo hili mwaka 2009: ukihama kazi ikiwa katikati, sehemu ya fikra zako inabaki kule kule. Mwaka 2018, yeye na Theresa Glomb wakaonyesha kwamba kuandika haraka ulipofika na utakapoanzia ukirudi kunapunguza tatizo.

Kwa hiyo mteja akiita, inua mkono wa kushoto, wa kulia umalize kuandika: ukurasa, neno la mwisho, na kitendo kinachofuata. Usiandike "endelea hapa". Mdogo wangu aliandika hivyo, asubuhi akaitazama kama barua ya mtu mwingine. Andika "ingiza jedwali la 6, kisha maelezo yake". Kwenye karatasi za mteja tumia penseli. Kuna profesa alinigombeza vibaya kwa ajili ya biki. Vikaratasi vya kubandika, hapana, mlango ukifunguka vinaruka. Na kama kompyuta yako haina betri, umeme ukikatika huna nafasi ya kuandika lolote, basi weka alama kila mwisho wa ukurasa na ubonyeze Ctrl+S papo hapo kuhifadhi kazi. Ukirudi, soma kwanza sentensi mbili za nyuma. Umekaa mbali nayo zaidi ya nusu saa? Soma ukurasa mzima, hata kama mwenyewe amekusimamia mgongoni.

5. Pumzika. Wengi wanaisifu njia ya Mwitaliano Francesco Cirillo, dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika. Mimi saa inanililia katikati ya sentensi. Nahesabu kurasa: zikifika tano nasimama, nanyoosha mgongo, natoa pumzi polepole kuliko nilivyoivuta.

6. Kabla ya kufunga, andika alama ya kesho, na kaye ilale kibandani. Zamani nilikuwa naenda nayo nyumbani, naifungua hata bugali ukiwa motoni. Siku moja mume wangu akaificha ndani ya gunia la makaa. Jalada lake ni jeusi mpaka leo.