Riwaya na diwani kwa mpigo: ninavyosoma vitabu kwa jozi

Siku hizi sisomi kitabu kimoja. Nasoma viwili, riwaya na diwani, nimevichagua makusudi ili vigombane. Riwaya ikisomwa peke yake inakuteka: unafuata nani kafanya nini, unafika mwisho, unafunga, unatafuta nyingine. Ikiwa na utenzi au diwani pembeni yake, unasoma huku unaulizwa maswali na upande wa pili. Hapa nitaeleza ninavyofanya, kwa sababu watu wananiuliza dukani napata wapi muda, na kwa sababu nadhani hata mwenye kazi nyingi anaweza.

Anza na jambo, si na jina la mwandishi. Jambo liwe moja na liwe dogo: malezi ya binti, kifungo, kuhama kwenu. Kisha tafuta riwaya moja na kitabu kimoja cha ushairi vinavyoligusa, na uhakikishe kuna kitu kinachovitenganisha: zama, dini, jinsia ya mwandishi, au namna ya kuandika. Jozi ya waandishi wanaokubaliana inachosha haraka. Vitabu viwili vya mtu yule yule pia siviunganishi, hata kama nampenda vipi.

Muda gawa hivi. Ushairi wa mchana, riwaya ya usiku. Mimi nauza vitambaa Ngamiani, Tanga, na kati ya mteja na mteja kuna nafasi ya beti tatu au nne, haitoshi sura ya riwaya. Ukijaribu riwaya pale kaunta utasoma ukurasa ule ule kutwa nzima. Ubeti unakatika bila kuumia: mteja anaingia, unampimia mita zake, unarudi, ubeti unauanza upya kwa dakika moja. Usiku watoto wakishalala, ndipo riwaya inapopata haki yake.

Sasa nikuonyeshe jozi moja kwa karibu, ile niliyoimaliza juzijuzi: Utendi wa Mwana Kupona na Rosa Mistika.

Utendi huu wengi tunaujua wa kujibia mtihani tu. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mwaka 1858, wosia kwa bintiye Mwana Hashima, basi. Ukitaka uwe kitu kingine usiusome kwa macho. Utenzi ni wa kinywa. Ubeti wa kwanza ni huu:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia.

Usome kwa sauti, taratibu, ukihesabu kwa vidole. Kila mstari una mizani, yaani silabi, minane. "Binti" ina mizani mitatu, bi-n-ti, na hapo ndipo wengi wanapokimbia wakaona mstari umepungua. Mistari mitatu inamalizikia -ti, wa nne unatoka nje: -ia. Hiyo -ia ndiyo bahari, utaikuta tena ubeti wa pili, wa tatu, mpaka mwisho wa utenzi. Ukishaizoea, sikio linaanza kuisubiri, na mshairi anajua kwamba unaisubiri. Ndiyo sababu neno zito mara nyingi hulikuta pale pale, mstari wa nne.

Ukiweza, tafuta msikilizaji. Mimi nilimsomea wifi yangu akichambua mchele. Hakuwa ameshika kitabu, lakini baada ya beti kadhaa akawa anaitikia ile -ia kabla sijaifikia. Tulipofika pale utenzi unaposema kwamba siku ya kufufuliwa mume ndiye atakayeulizwa, akitaka mkewe aende peponi ataenda, akitaka motoni atapelekwa, mkono wake ukasimama kwenye ungo.

"Wifi, rudia hapo."

Nikarudia.

"Na yeye mume, nani ataulizwa juu yake?"

Swali hilo nikaliandika daftarini vile vile alivyolisema, kisha usiku nikaenda nalo kwenye Rosa Mistika.

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, na kwa muda ilipigwa marufuku mashuleni. Iko Namagondo, Ukerewe. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi na mkali. Anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na tangu hapo Rosa anakua akiwaogopa wanaume mpaka anapofika mbali na macho ya baba, na hapo anaanguka vibaya. Kwa miaka mingi wasomaji wamebishana kama kitabu kinamlaumu binti au kinamlaumu baba. Nilipokiweka kando ya Mwana Kupona niliona kitu kingine. Mama yule wa Pate ni mgonjwa, anajua anakwenda, anamwita mwanawe asogee (ndiyo ile "negema"), anamwambia alete wino na karatasi, kisha anamwambia kila kitu: namna ya kukaa na watu, namna ya kumtunza mume, namna ya kujipamba. Unaweza kuukataa nusu ya wosia wake, na mimi ile ya mume kuulizwa peponi siimezi. Lakini amesema. Zakaria hasemi. Ana fimbo tu. Na Regina, mama yake Rosa, yupo nyumba ile ile, anafanya kazi kutwa, na sauti yake ni ndogo mno.

Daftarini niliandika hivi: "Nani katika kitabu hiki angemwambia Rosa negema? Mwandishi amemnyamazisha Regina kwa makusudi au hakumwona?" Jibu sinalo. Nimerudi kusoma kila ukurasa ambao Regina anaonekana, na hiyo ndiyo faida yenyewe: nisingerudi bila ule utenzi.

Juu ya daftari, neno moja. Liwe la shule la kawaida, la mistari, na kila jozi ipate kurasa zake mbili zinazotazamana: kushoto riwaya, kulia ushairi. Usiandike muhtasari, utaupata kwa yeyote. Usiandike "kizuri sana" wala "kinafundisha". Andika mahali ulipoacha kusoma bila kutaka, na swali lililokusimamisha. Ikiwa ni mstari wa shairi, unakili kwa mkono wako, maana ukinakili ndipo unapoona mshairi amepindua mpangilio wa maneno ili kina kikae. Kisha chora mshale kutoka ukurasa mmoja kwenda wa pili pale vitabu vinapogusana. Jozi isiyo na mshale hata mmoja ilichaguliwa vibaya. Vunja, tafuta mwenza mwingine.

Jozi ya kifungo ni nzito, isome ukiwa na nafasi moyoni. Upande wa ushairi kuna Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa 1973. Abdilatif Abdalla aliyatunga mashairi yale gerezani Kenya, akitumikia kifungo cha miaka mitatu kwa ajili ya waraka ulioiuliza nchi yake inakwenda wapi. Upande wa riwaya kuna Haini ya Adam Shafi, ya 2003, iliyojengwa juu ya kamatakamata ya Zanzibar baada ya Rais Abeid Karume kuuawa Aprili 1972. Bahari ile ile, miaka ile ile, serikali mbili.

Mashairi ya Abdilatif ni ya vina na mizani, mengi kumi na sita kwa mstari: nane ukwapi, nusu ya kwanza, na nane utao, nusu ya pili. Katikati pana kituo. Kiheshimu, pumua pale. Kinachowakwaza wasomaji wa bara ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Usikimbilie kamusi. Ukishajua kwamba ndia ni njia, mato ni macho na siwati ni siachi, sehemu kubwa ya ugumu inaondoka yenyewe, na inayobaki utaielewa ukisoma kwa sauti mara ya pili. Kamusi ifunguliwe mara ya tatu. Anza na "Mamba", halafu "Telezi", kisha ndipo uingie kwenye yale marefu ya majibizano kama "Mnazi".

Nilichokipata kwenye jozi hii ni tofauti ya mwendo. Haini inakufungia chumba kimoja na watu, unawasikia wakihojiwa, unawafahamu wenye uoga na wenye ukaidi. Inakuchosha kama inavyotakiwa. Mshairi kwa upande wake yuko peke yake na hana wa kumwelezea, basi ameikaza hasira yake ndani ya mizani mpaka imetulia. Nilikuwa nikidhani vina ni pambo. Baada ya Sauti ya Dhiki naona kwamba mtu aliyefungiwa anaweza kushika vina kwa sababu ndicho kitu pekee kinachomtii humo ndani.

Ushairi huru usiuogope wala usiuharakishe. Kichomi ya Kezilahabi ilipotoka 1974 wanamapokeo walikasirika kwamba haina vina wala mizani, na mabishano hayo hayajaisha kabisa hata leo. Namna ya kuusoma ni kusimama mwisho wa kila mstari, hata kama sentensi haijaisha, ujiulize kwa nini mshairi ameukata pale. Kama ukiuunganisha na mstari unaofuata na hakuna kinachopungua, basi huo ni uandishi wa kawaida uliovunjwa vipande, na una haki ya kulisema hilo. Mashairi ya namna hiyo yako mengi siku hizi.

Tafsiri zinaruhusiwa, na mimi nazipenda. Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza 1994, Ida Hadjivayanis aliileta kwa Kiswahili 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobel. Nimeiweka na N'na Kwetu ya Mohammed Ghassani, mzaliwa wa Pemba anayeishi Ujerumani. Diwani hiyo ilishinda tuzo ya Mabati-Cornell 2015. Yusuf wa riwaya anachukuliwa mtoto, rehani ya deni la baba yake, na anaingizwa kwenye msafara wa bara bila kuulizwa. Msemaji wa diwani ni mgeni ugenini, mtu mzima, anayejua alikotoka na anayesisitiza kwamba ana kwao. Bado niko katikati, na mishale daftarini ni michache, ila mmoja ni mnene: Yusuf anaendelea kurudi kichwani kwenye nyumba ambayo ilimtoa yenyewe. Anayetaka jozi ya aina nyingine kwa Peponi atafute maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili; misafara ile ile, ila aliyeshika kalamu ni mwenye bunduki na pembe.

Kuhusu kununua: diwani sizisubirishi. Riwaya inayosomwa shuleni utaipata wiki ijayo na mwezi ujao, diwani ukiiacha mezani kwa muuzaji ukirudi haipo. Ukikosa kabisa, azima, na unakili yale mashairi unayoyataka kabla hujarudisha.

Na kama unasoma na mwenzako, msianze na kitabu kimoja wote. Mmoja achukue riwaya, mwingine diwani, msimuliane, kisha mbadilishane. Wifi yangu hasomi sana riwaya, lakini kisa cha Rosa nilimsimulia chote jikoni, na sasa ameniambia nimletee kitabu chenyewe aone kama sikumwongopea kuhusu Zakaria.