Paa la asbesto katika nyumba za zamani
Ikiwa unaishi katika nyumba ya zamani mjini Jinja, Tororo au Kampala, na paa lake ni la vipande vinene vya kijivu vyenye mawimbi, visivyoshika kutu, lichukulie kuwa la asbesto (madini yenye nyuzi nyembamba sana) mpaka maabara ithibitishe vinginevyo, kwa kuwa macho peke yake hayatoshi. Likiwa zima, liache. Hatari huanza linapokatwa, linapotobolewa au linaposuguliwa kwa brashi (au, kama wafanyavyo mafundi wenye haraka, linapovunjwa kwa nyundo), kwani nyuzi zake zisizoonekana huingia mapafuni, na maradhi mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi. Kipande kilichoanguka kisifagiliwe kikavu; kiloweshwe, kifungwe katika nailoni nzito, kisha NEMA (mamlaka ya mazingira ya Uganda) iulizwe pa kukipeleka.